Kupima Mapema: Hesabu ya Safari na Hesabu ya Uhai

 

Leo somo letu lahusu afya ya akina mama. Tutazungumza juu ya saratani mbili, ambazo wengine huziita kansa: saratani ya mlango wa kizazi na saratani ya matiti. Hizi ndizo saratani zinazowapata wanawake wa Tanzania kuliko saratani nyingine zote. Yakadiriwa kwamba katika mwaka 2020 peke yake wanawake zaidi ya 10,000 wa nchi yetu walipatwa na saratani ya mlango wa kizazi, na zaidi ya 6,000 walikufa kwa ugonjwa huo.

Huenda mtu akauliza, "Afisa Elimu ana kazi gani na habari za waganga?" Ni kweli, mimi si mganga. Lakini jambo la leo ni jambo la elimu na la hesabu. Kiongozi wa kikundi, tafadhali weka tayari ubao au karatasi na kalamu. Baadaye kidogo tutafanya hesabu pamoja. Na mabwana waliomo kikundini wasiondoke. Somo hili ni lao pia, kama mtakavyosikia.

Kwanza, ugonjwa wenyewe ni nini?

Tuanze na mlango wa kizazi. Huo ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi, pale mtoto anapopitia wakati wa kuzaliwa. Saratani ya mahali hapo huletwa, karibu kila mara, na kirusi kiitwacho papiloma. Mtaalamu wa Kijerumani, Harald zur Hausen, pamoja na wenzake, alitambua aina mbili kubwa za kirusi hicho katika saratani hii miaka ya 1983 na 1984, na mwaka 2008 akapewa tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo. Kirusi hiki huambukizwa kwa kujamiiana. Lakini sikilizeni vizuri: watu wengi sana, wanaume kwa wanawake, hukipata wakati fulani katika maisha yao. Mke aliyemjua mume mmoja tu aweza kukipata. Kwa hiyo ugonjwa huu si alama ya tabia mbaya, wala si kazi ya mchawi, wala si laana ya ukoo.

Mara nyingi mwili wenyewe hukifukuza kirusi hicho katika mwaka mmoja au miwili. Kwa wanawake wachache hakitoki. Hukaa, na polepole hubadili ngozi ya mlango wa kizazi. Mabadiliko hayo huchukua miaka mingi kabla ya kuwa saratani, kwa kawaida miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke ambaye nguvu ya mwili wake imepungua, kama vile mwenye virusi vya Ukimwi asiyepata dawa, yaweza kuchukua miaka 5 hadi 10 tu.

Shikeni jambo hilo, maana ndilo msingi wa somo letu. Katika miaka yote hiyo mwanamke hasikii maumivu. Analima, anabeba kuni, anateka maji, anazaa. Akianza kutoka damu baada ya kulala na mumewe, au damu baada ya kukoma hedhi, au maji yenye harufu mbaya, basi mara nyingi ile miaka imekwisha kupita. Dalili hizo zikitokea, asingoje siku ya kupima. Aende hospitali upesi. Lakini afadhali kuutafuta ugonjwa kabla haujabisha hodi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa tuseme habari za kipimo.

Watu wengi hufikiri kwamba kupima saratani kwataka mitambo mikubwa ya mjini. Kwa mlango wa kizazi sivyo. Kipimo kinachotumika sana katika nchi yetu chataka siki. Muuguzi aliyefundishwa humlaza mama kitandani mahali penye faragha, hufungua njia kwa chombo safi, hupaka siki iliyopimwa nguvu yake kwenye mlango wa kizazi, kisha hungoja dakika moja. Mahali palipo na mabadiliko hugeuka pakawa peupe. Mahali pazima hapageuki. Basi. Jibu lapatikana pale pale, mama akiwa bado kitandani. Si jambo la kupendeza, lakini halikati wala halichomi sindano.

Na weupe ukionekana, je, huyo ana saratani? La. Mara nyingi maana yake ni kwamba yapo mabadiliko ambayo yakiachwa yaweza kuwa saratani siku za mbele. Mengi katika hayo huondolewa kwa kugandishwa kwa baridi kali, au kwa kifaa kidogo cha joto. Kazi hiyo ni ya dakika chache, na yaweza kufanywa siku ile ile. Baada yake mama hutokwa na majimaji kwa majuma machache, naye huambiwa asilale na mumewe kwa majuma manne. Mabwana, hapo ndipo mnapoingia. Mume asiyejua habari hizi atamdhania mkewe vibaya. Mume anayejua atamsaidia apone.

Labda mmoja atasema, "Siki yawezaje kuzuia kifo?" Nawapeni ushahidi. Huko Mumbai, India, kuanzia mwaka 1998, wanawake wapatao 150,000 wa mitaa ya maskini waliingizwa katika utafiti. Nusu walipimwa kwa siki kila baada ya miaka miwili, na nusu walipewa elimu tu. Waliopima hawakuwa madaktari. Walikuwa wanawake waliosoma kiasi, wakafundishwa kazi hiyo kwa majuma manne. Matokeo yalipotangazwa, vifo vya saratani ya mlango wa kizazi katika kundi lililopimwa vilikuwa vimepungua kwa asilimia 31. Karibu theluthi moja ya vifo viliondolewa kwa siki, taa, na mtu aliyefundishwa vizuri.

Nani apimwe? Hasa wanawake wa miaka 30 hadi 49, hata kama hawaumwi popote, na warudie kila baada ya miaka mitatu. Mwenye virusi vya Ukimwi aanze mapema zaidi, yapata miaka 25, maana hatari yake ni mara sita ya mwingine; aulize katika kliniki anapochukulia dawa. Mwenye mimba angoje mpaka ajifungue. Aliye katika hedhi achague siku nyingine. Siku hizi kiko pia kipimo kinachokitafuta kirusi chenyewe, na mama aweza kujichukulia mwenyewe kwa kijiti chenye pamba. Ni kipimo kizuri kuliko siki, lakini chataka maabara, na hakijafika kila mahali. Pale ambapo siki ipo, msingojee kingine.

Sasa tugeukie matiti. Hapa mambo ni tofauti kidogo. Katika matiti hatuna siki ya kutuonyesha ugonjwa miaka 15 kabla. Twaweza kuuona ungali mdogo tu. Picha za mitambo zipo katika hospitali kubwa, lakini kwetu milimani njia iliyo karibu ni mikono na macho. Kila mama aujue mwili wake. Akisikia uvimbe katika titi au kwapani, akiona ngozi imebonyea au imekuwa kama ganda la chungwa, chuchu imeingia ndani ghafla, au inatoka damu, aende kituoni. Uvimbe mwingi si saratani. Lakini mkono wa mama hauwezi kutofautisha, na wala mkono wangu hauwezi. Asikubali kuchanjwa wembe wala kubandikwa majani na kungoja.

Aidha, kila anayekwenda kupimwa mlango wa kizazi aombe kupimwa na matiti siku hiyo hiyo. Muuguzi hutumia mikono yake tu, wala haichukui muda mrefu. Huko huko Mumbai wanawake walipimwa matiti kwa mikono kila baada ya miaka miwili, na kwa wale waliofika miaka 50 au zaidi vifo vilipungua kwa karibu asilimia 30. Na hapa kwetu, Chama cha Madaktari Wanawake, MEWATA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kimefanya kampeni za kupima matiti za namna hii tangu mwaka 2005. Mama akionekana ana uvimbe wa kutia shaka, Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60. Andikeni tarakimu hiyo ubaoni: siku 60. Sisi wengi tunakaa mwaka.

Basi, ndugu wasikilizaji, twafika kwenye swali kubwa. Ikiwa kipimo chenyewe ni cha gharama ndogo namna hii, na ikiwa katika vituo vya serikali mara nyingi hutolewa bila malipo, kwa nini akina mama wengi hawajapimwa hata mara moja? Kiongozi, chukua kalamu. Tutafanya hesabu. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Ninyi baadaye mtaweka zile za kwenu.

Tuseme yupo mama mmoja katika kijiji cha mlimani. Nauli ya pikipiki kwenda kituo kinachopima ni shilingi 4,000. Kurudi ni 4,000. Chakula cha njiani ni 2,000. Jumla ni shilingi 10,000. Anafika Jumatatu, anaambiwa, "Muuguzi wa kupima yuko semina, rudi juma lijalo." Anarudi; amekwisha tumia 20,000. Anapimwa, weupe unaonekana, lakini mtambo wa kugandisha haufanyi kazi, anaambiwa aende hospitali nyingine. Safari ya tatu: 30,000. Hapo hatujahesabu siku tatu za shamba wakati wa palizi ya maharage, wala mtoto aliyebaki nyumbani.

Mnaona? Kipimo kilikuwa bure, lakini mama amelipa shilingi 30,000. Na walio wengi hawamalizi safari hizo tatu. Hukomea ya kwanza. Yule aliyekuta weupe asirudi kutibiwa ni kama mtu aliyeonyeshwa moto pembeni mwa nyumba yake kisha akaenda kulala. Basi kusema kwamba huduma ni ya bei nafuu hakutoshi. Yatupasa kuipunguza safari.

Tutaipunguzaje? Nataja njia mbili.

Njia ya kwanza: kuuliza kabla ya kwenda. Siku hizi simu zipo karibu kila kijiji. Mtu mmoja wa kikundi, au mhudumu wa afya wa kijiji, akipiga simu kituoni na aulize maneno manne. La kwanza: siku gani mnapima? La pili: muuguzi aliyefundishwa atakuwapo siku hiyo? La tatu: ikiwa weupe utaonekana, mtatibu siku hiyo hiyo? La nne: je, kuna malipo yoyote? Asiporidhika na jibu la tatu, aulize ni wapi wanapotibu, na afadhali akina mama waende huko moja kwa moja. Katika sehemu zetu, mbali na vituo vya serikali, ziko hospitali za misheni, kama Heri na Kabanga, na Maweni ndiyo hospitali ya mkoa pale Kigoma. Maswali ni hayo hayo kwa wote.

Njia ya pili: kuileta huduma kijijini. Waganga huiita huduma ya mkoba. Turudi kwenye hesabu. Akina mama 20 wakienda kituoni, kila mmoja kwa shilingi 10,000, wametumia shilingi 200,000 kwa safari moja tu. Lakini tuseme gari la wilaya lije na wauguzi wawili pamoja na vifaa vyao, na mafuta na chakula ni shilingi 100,000. Gharama imekuwa nusu. Hata kama akina mama wangelipa wenyewe, ni shilingi 5,000 kila mmoja, naye saa sita mchana yuko nyumbani kwake. Lakini msikimbilie kuchanga. Kwanza ulizeni kama wilaya imekwisha panga siku za mkoba katika matumizi yake ya mwaka. Ikiwa imepanga, gharama hiyo si yenu. Na ikiwa ni lazima kusaidia kitu, iandikwe, itolewe stakabadhi, na kila mtu aione.

Ombi la namna hii halipelekwi kwa maneno ya njiani. Kikundi kiandike barua kupitia Ofisa Mtendaji wa Kijiji kwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Barua itaje idadi ya akina mama wenye miaka 30 hadi 49 waliokubali kupimwa, nyumba au darasa lenye faragha litakalotumika, maji yaliyopo, na siku inayofaa. Orodha ya majina abaki nayo mhudumu wa afya, isibandikwe ukutani. Kwa kuchagua siku, fikirini majira. Mvua ikikoma, kati ya Juni na Agosti, barabara zetu hupitika na kazi ya shamba hupungua. Mkisema, "Tupo 20, tumejiandaa, Jumanne ya pili ya Julai," ni vigumu kwa ofisi kukataa. Mkisema tu, "Tunaomba tusaidiwe," barua yenu itakaa chini ya nyingine.

Pengine mtasema kwamba wanakijiji hawawezi mambo makubwa namna hii. Wazee waliomo kikundini watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili wa Tanzania walikaa katika vikundi kama hivi vyenu, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakatoka wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio haikuchimba choo hata kimoja. Waliosikiliza ndio waliochimba.

Sasa neno juu ya aibu. Wako akina mama ambao nauli wanayo na kituo kiko karibu, nao hawaendi. Mmoja anaogopa kuonwa na muuguzi wa kiume. Ana haki ya kuomba mwanamke, naye aulize hilo katika simu. Mwingine anaogopa majirani watasema ana ugonjwa wa zinaa. Dawa ya hofu hiyo ni kwenda wengi pamoja. Wakienda akina mama 20 wa kikoba kimoja, nani atamnyoshea kidole nani? Mwingine anaogopa jibu. Huyo tumwambie kwa upole: jibu lipo mwilini tayari, uende usiende. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo kitamuumbua.

Na mabwana: katika nyumba nyingi fedha ya nauli iko mfukoni mwenu, na ruhusa iko mdomoni mwenu. Mama akifa, shamba litalimwa na nani, na watoto watalelewa na nani? Usingoje akuombe. Mwulize wewe: "Mama watoto, umekwisha kupimwa?"

Sitaki kuwadanganya kwamba kila jibu litakuwa jema. Wachache wataambiwa wana saratani yenyewe. Hao watapelekwa mbali: Bugando kule Mwanza, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ambayo ni zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Kigoma. Safari hiyo ni ngumu, nayo humaliza mbuzi na ng'ombe. Lakini saratani iliyoonekana mapema hutibika, na mgonjwa aliyekwenda akitembea ana matumaini kuliko aliyekwenda amebebwa. Kikundi chenye mfuko wa msaada kiweke fungu kwa ajili ya safari ya namna hiyo, kama tunavyoweka kwa ajili ya msiba. Tunachangia jeneza upesi. Tuchangie na nauli.

Mwisho, msiwasahau binti zenu. Chanjo ya kirusi hiki ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, kwa sindano mbili. Utafiti uliofanywa Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulisaidia kuonyesha kwamba sindano moja yajenga kinga ya kutosha, na mwaka 2024 nchi yetu ikaingia katika utaratibu wa sindano moja. Chanjo hiyo haifungi kizazi. Kazi yake ni kumkinga binti asipatwe na kirusi. Lakini haimwondolei mama yake haja ya kupimwa, maana mama amekwisha pita umri huo.

Ndugu zangu, somo letu limefika mwisho. Baada ya redio kuzimwa msitawanyike. Kiongozi asome maswali haya, na katibu aandike majibu:

1. Katika kikundi chetu wako akina mama wangapi wa miaka 30 hadi 49? Anayetaka kusema amekwisha kupimwa aseme, asiyetaka asilazimishwe.

2. Kutoka kijijini kwetu, safari moja ya kupima ni shilingi ngapi, na ni siku ngapi za kazi? Fanyeni hesabu kwa bei za kwetu.

3. Nani atapiga simu kituoni na kuuliza yale maneno manne? Lini atatuletea majibu?

4. Kama ni afadhali kuomba huduma ya mkoba, nani ataandika barua, na tutapendekeza siku gani?

5. Mabwana wa kikundi wanaahidi nini?

Swali la tatu lisibaki bila jina la mtu. Juma lijalo, mkikutana tena, jambo la kwanza liwe kusikia majibu ya simu hiyo. Kwaherini, na Mungu awape afya njema.